Haiti: Jumapili kwa Krioli, Jumatatu kwa Kifaransa

Kila ninapoanza kufundisha somo la lugha za krioli, yaani lugha zilizozaliwa watu wa lugha mbalimbali walipokutana, huandika ubaoni maneno haya ya Krioli ya Haiti, nchi ya visiwa vya Karibi: m ap li, m te li, m pral li. Chini yake naandika: ninasoma, nilisoma, nitasoma. Wanafunzi wangu wanaozungumza Kiswahili huona papo hapo: ap inafanya kazi ya -na- yetu, te inafanya ya -li-. Lugha yenye mpangilio huo siwezi kukubali iitwe Kifaransa kilichovunjika, kama wengine wanavyoiita. Karibu kila Mhaiti amelelewa nayo. Wanaokimudu Kifaransa ni wachache.

Basi kwa nini mtoto wa Haiti asomeshwe kwa Kifaransa? Jibu linapitia kanisani. Haiti ilijitwalia uhuru kutoka Ufaransa mwaka 1804, lakini ilipatana na Vatikani mwaka 1860 tu, chini ya Rais Geffrard. Hapo ndipo mapadri walipoanza kuletwa kutoka Ufaransa, na mwaka 1864 wakafika mabruda na masista wa kufundisha. Wengi walitoka Bretagne, eneo la magharibi mwa Ufaransa lenye lugha yake, ambako mtoto aliyezungumza Kibretoni shuleni aliadhibiwa. Waliosoma Kenya enzi za kuvishwa kibao shingoni wanaijua adhabu hiyo. Inaniuma kwamba watu wa lugha iliyodharauliwa ndio waliojenga shule za kuidharau nyingine. Vodou, dini ya Wahaiti yenye asili ya Afrika, nayo iliitwa ushirikina, hadi kanisa likaendesha kampeni ya kuchoma ngoma na vifaa vyake mwaka 1941 na 1942. Serikali iliitambua rasmi kuwa dini mwaka 2003.

Lakini madhabahu ilibadilika zaidi kuliko darasa. Miaka ya 1940 mchungaji Mmethodisti, McConnell, alibuni tahajia ya Krioli ili watu wazima wajue kusoma. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa miaka ya 1960, misa ikasomwa kwa Krioli. Biblia nzima ikatoka mwaka 1985. Shuleni, mageuzi ya waziri Joseph Bernard ya mwaka 1979 yaliiingiza Krioli darasani, na katiba ya 1987 ikaifanya lugha rasmi pamoja na Kifaransa. Ila shule nyingi ni za binafsi, nyingi kati yake za makanisa, na mzazi anayejinyima kulipa ada anataka asikie Kifaransa. Simlaumu, ndicho kinachofungua mlango wa ofisi.

Jumapili mtoto anasikia Injili kwa Krioli, na akifika nyumbani anamsimulia bibi yake yote. Jumatatu anasimama kukariri aya ya jiografia kwa Kifaransa, neno kwa neno, bila kukosea. Ukimwuliza inasema nini, ananyamaza.