Dhahabu laini: pima marudio (mchanga unaotoka baada ya kuoshwa) kwanza, mashine baadaye

"Fundi, mashine gani inakamata dhahabu laini?" Swali hili huniuliza watu wengi, na jibu langu huwaudhi: laini kiasi gani? Kwa mmoja, laini ni chembe za maikroni 200, yaani milimita 0.2, ambazo zulia la mfereji wa kuoshea hunasa bila taabu. Kwa mwingine ni maikroni 10, unga usioonekana kwa macho, na hapo zulia linabaki pambo.

Dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji ya ujazo uleule, kwatsi, jiwe jeupe linalobeba dhahabu, ni mara 2.65 tu. Ukiona pengo hilo utadhani maji yatamaliza kazi yote. Lakini kasi ya chembe ndogo kuzama hufuata mraba wa kipenyo chake: ikiwa ndogo mara kumi, huzama polepole mara mia. Chembe ya maikroni 10, hata iwe ya mviringo kabisa, hushuka kama milimita moja kwa sekunde katika maji yaliyotulia. Sasa ipitishe kwenye mfereji wa mita mbili, maji yakikimbia mita moja kwa sekunde. Itatoka upande wa pili ikiwa imeshuka milimita mbili, tena kama maji hayachafuki. Na dhahabu iliyopita kinuni huwa bapa, si ya mviringo. Ikipata mafuta kidogo huelea juu ya maji kama jani. Tone la sabuni ya maji husaidia hapo.

Ndiyo maana sentrifuji, bakuli linalozungushwa kwa kasi, ikatengenezwa. Ikizunguka kwa nguvu mara 60 ya mvutano wa dunia, chembe ileile hushuka kwa kasi ya karibu mara 60. Mimi naipenda, ila ina masharti. Inataka maji safi yenye presha isiyoyumba, maana matundu madogo yanayopitisha maji ya kulegeza mchanga yakiziba, mifereji ya ndani ya bakuli hujaa na kuganda, na dhahabu hupita juu kwa juu. Isitoshe, hainasi dhahabu peke yake. Mchanga mweusi, wenye magnetaiti, madini ya chuma yaliyo mazito mara 5.2 kuliko maji, nao hung'ang'ania humo. Kwa hiyo bado utahitaji meza ya kutikisa ya kusafishia. Meza ni mvivu: hula kidogo, na hutaka mchanga uliochekechwa, kila saizi ipite peke yake. Ukichanganya chembe kubwa na ndogo, haitatenganisha vizuri, nawe utalaumu meza.

Kosa langu mwenyewe bado naliona aibu. Niliwahi kumshauri mteja anunue sentrifuji, ikafungwa vizuri, na dhahabu ikaendelea kutoka na marudio. Tulipochekecha marudio hayo kwa nyavu za maikroni 300, 150, 75 na 38, kisha kila fungu likapimwa maabara, dhahabu nyingi ilikuwa kwenye fungu nene. Ilikuwa imefungwa ndani ya pairaiti, madini ya chuma na salfa. Mashine haikuwa na kosa. Kinu ndicho kilichohitaji kusaga zaidi. Kama ingekutwa chini ya maikroni 38, ikiwa huru, hapo sentrifuji yenye nguvu zaidi au kuelesha kwa povu, yaani kuinua chembe kwa viputo vya hewa, ingeleta maana.

Zebaki, ambayo wengine huitumia kunasia dhahabu, naisemea kwa kifupi. Mbali na sumu, kwenye kinu hupasuka kuwa vitone vidogo vinavyokwenda na maji, vikibeba dhahabu ileile laini uliyokuwa ukiitafuta.

Muuzaji akikuonyesha video ya mashine yake ikitema dhahabu, mpe ndoo chache za mchanga wako. Pima uzito na kiwango cha dhahabu katika kilichoingia, kilichonaswa na marudio. Jumla ya dhahabu ya viwili vya mwisho isipokaribia ile ya kilichoingia, usitoe hela, rudieni kupima.