Ruzuku ya ukarabati wa nyumba kwa wazee wa Bagamoyo: dhana potofu na ukweli

Wengi Bagamoyo huamini kwamba mtu akitimiza miaka 60 serikali inawajibika kumkarabatia nyumba. Ni kweli kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia umri huo, na kwamba mzee asiyejiweza anastahili kutibiwa bila malipo. Lakini kitambulisho cha matibabu kinaishia hospitali, wala hakimpatii mwenye nacho bati hata moja. Wapo pia wanaochanganya ruzuku ya nyumba na Pensheni Jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi, inayolipwa tangu 2016, ambayo ni ya Zanzibar na haivuki bahari kuja huku.

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo haiangalii umri, bali umaskini wa kaya nzima. Kaya hutajwa katika mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji, kisha taarifa zake huhakikiwa, hivyo mzee anayeishi na mwanawe mwenye mshahara anaweza kuachwa hata kama paa linavuja. Anayelipwa akidunduliza akanunua mabati hajakosea, ila fedha hizo ni za kujikimu. Kuandikishwa hakuna ada. Anayedai hela ya fomu ni tapeli, hata awe jirani.

Dhana inayogharimu zaidi iko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kwamba nyumba ikiwa ya kale basi Idara ya Mambo ya Kale itaitengeneza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863 pamoja na mengine yaliyotangazwa rasmi, lakini ulinzi huo humbana mwenye nyumba: haruhusiwi kubomoa wala kubadili bila kibali, na kumiliki jengo la namna hiyo si sawa na kustahili fedha. Wanaokata tamaa humwita fundi wa saruji, na hapo ndipo nyumba huharibika, kwa kuwa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa plasta ya saruji hunasa unyevu ndani, chokaa ikalegea, na plasta ikabanduka pamoja na vipande vya ukuta.

Nafuu iliyopo kisheria ni msamaha wa kodi ya majengo, ile inayokatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Msamaha huo hauji wenyewe. Huombwa, na pa kuanzia ni ofisi ya serikali ya mtaa.