Otomesheni kamili ni nini, na kwani ni lazima ifike?

Otomesheni ni pale kazi iliyokuwa ya mtu inafanywa na mashine ama programu bila mtu kuishikilia kila saa. Ukiongeza "kamili" unasema mtu hahitajiki kabisa, hata wa kubonyeza. Hizo ni vitu viwili tofauti lakini watu wanazichanganya halafu ukipanda matatu unasikia ati kazi zote zinaisha.

Angalia mama fua. Mashine ya kufua iko duniani zaidi ya miaka 100, hapa Nairobi inauzwa kila mahali, lakini Jumamosi asubuhi kwa ploti yetu huku Umoja bado utapata mama ameinamia beseni tatu, moja ya sabuni mbili za kusuuza, malipo ni mia tano na chai ya maziwa. Mashine inataka stima, inataka maji ya mfereji na kwetu maji yanakuja siku mbili kwa wiki, na bei yake ni kama kumlipa huyo mama Jumamosi za mwaka mzima, sasa nani atanunua? Mashine kuweza kazi ni jambo moja, mwenye pesa kuona inamlipa ni jambo lingine kabisa.

Hesabu ikigeuka ndio watu wanaumia. Kule Kericho makampuni ya majani chai yalileta mashine za kuchuna, na 2023 wachunaji wakaandamana mashine zingine zikachomwa. Kuchoma sikubaliani nako, lakini hasira naielewa, juu ile pesa iliyookolewa haikuingia kwa mfuko wa mchunaji. Kwangu hapo ndipo swali la jamii lilipo, nani anakula hiyo faida.

Halafu kuna M-Pesa, 2007. Kabla yake ulikuwa unaweka pesa kwa bahasha unampa mtu wa basi na kuomba Mungu. Hiyo kazi ya bahasha ikafifia, lakini kila kona ikapata kibanda na ejenti ndani anahesabu noti, juu pesa taslimu bado inataka mkono wa mtu.

Wasomi nao hawapatani. Frey na Osborne wa Oxford walisema 2013 kwamba asilimia 47 ya ajira Marekani ziko hatarini, utafiti wa 2016 wa OECD, ule muungano wa nchi nyingi tajiri, ukapata asilimia 9 kwa nchi wanachama 21. Tofauti kubwa ni kwamba hawa wa pili walivunja kila ajira kwa vipande vyake, maana karani hafanyi kitu kimoja, anaandika, anapiga simu, anatuliza kastoma aliyekasirika, na mashine inaweza kuchukua hiki ikaacha kile.

Hata hizi programu za AI, yaani akili bandia, zinazoogopesha watu, kuna vijana hapa Nairobi wanashinda kwa kompyuta wakiziwekea alama kwa picha, hii ni gari, huyu ni mtu, na kusoma maneno machafu ndio programu ijifunze kuyakataa. Hao pia ni mikono, tu hawaonekani.

Jirani wa juu alinunua mashine mwaka jana. Duveti haziingii, kwa hivyo duveti bado ni za mama fua, na sasa huyo mama amepandisha bei.