Kubadilisha oili ya giaboksi ya otomatiki: kinachobadilika hasa ni nini?

Fundi akikuambia ameshabadilisha oili ya giaboksi, muulize zimetoka lita ngapi. Ukifungua boliti ya chini, oili haitoki yote. Giaboksi inayobeba lita 8 inaweza kumwaga 3 au 4 tu. Nyingine imebaki ndani ya toki konveta (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili) na kwenye mapaipu ya kupozea. Kwa hiyo kinachofanyika mara nyingi ni kuchanganya mpya na kuukuu. Fundi hajakuibia, ndivyo giaboksi ilivyoundwa. Anayetaka isafike zaidi humwaga, akajaza, akaliendesha gari kwa muda, kisha akarudia.

Oili hii, inayoandikwa ATF kwenye galoni, inalainisha na kupoza vyuma, lakini pia ndiyo inayosukuma: pampu huitia presha, presha ikabana klachi za ndani, gia ikaingia. Ndiyo maana ikichoka gia huchelewa, au huingia kwa kishindo. Na kwa kuwa haiungui kama oili ya injini, ikipungua ujue kuna panapovuja.

Ikiwa mpya, mara nyingi ni nyekundu. Kugeuka kahawia peke yake kusikutishe sana. Harufu ya kuungua ndiyo mbaya. Sampo (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi) ikishushwa, itazame sumaku iliyomo. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Ukishika vipande vya chuma kwa vidole, giaboksi imeanza kujila, na oili mpya haitaiponya.

Watengenezaji wengi hutaja kuibadilisha kila kilomita 60,000 hadi 100,000. Wapo wanaosema haibadilishwi maisha yote (maisha ya nani, hawasemi). Kwa gari linalojazwa watu na mizigo na kushinda kwenye foleni, mimi singewasikiliza, maana joto ndilo linaloiua oili.

Aina ya oili fuata kitabu cha gari, usikisie. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ina oili yake, na ATF ya kawaida huiharibu.

Kipimo nacho kina masharti. Giaboksi nyingi zenye stiki ya kupimia oili hupimwa gari likiwa tambarare, injini ikinguruma na oili ikiwa imepata moto, ingawa baadhi hutaka injini izimwe kwanza. Usijaze kupita alama: ikizidi, vyuma vinavyozunguka huikoroga hadi ikatoa povu, na povu halishiki presha.