Kabla hujaizika kadi ya mtandao

Kwenye vyumba vya mitambo ya simu, kadi ya mtandao, ile inayounganisha mashine na mtandao, hubebeshwa lawama za wote. Laini ikikatikakatika, inaagizwa kadi mpya. Inafungwa, na tatizo liko palepale.

Dhana: Taa ya kijani inawaka, kwa hiyo kadi ni nzima.
Taa inathibitisha tu kwamba pande mbili zimeunganika. Haisemi kama fremu, yaani vifurushi vya data, zinafika salama. Kwenye Linux, andika `ethtool -S eth0`, tazama idadi ya makosa ya CRC (ukaguzi unaoonyesha fremu zilizoharibika njiani), kisha tazama tena baada ya dakika chache. Namba kubwa iliyosimama huenda ni masalia ya zamani. Inayozidi kupanda ndiyo ya kuhofia. Hata hivyo, anza na kebo.

Dhana: Nimepiga ping (ujumbe mfupi unaosubiri jibu) kwa 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, imejibu, basi kadi ni nzima.
Itajibu hata ukichomoa kadi, kwa sababu jibu linatoka ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Kwenye Linux, hata anwani ya kadi hiyo ukiipigia kutoka mashine hiyohiyo, pakiti hazigusi waya. Pigia kifaa cha upande wa pili, tena kwa pakiti kubwa: `ping -M do -s 1472`.

Dhana: Kasi na dupleksi (kutuma na kupokea kwa pamoja ikiwa kamili, kwa zamu ikiwa nusu) zikipangwa kwa mkono, hakuna usumbufu.
Hii imewakesha mafundi wengi. Upande mmoja ukifungiwa megabiti 100 kwa dupleksi kamili, na mwingine ukaachwa otomatiki, ule wa otomatiki hutambua kasi lakini haupati mwenza wa kupatana naye kuhusu dupleksi, hivyo huangukia nusu dupleksi. Taa zinawaka, ping inajibu, wote mnarudi nyumbani. Jioni watumiaji wakiongezeka, laini inazama: upande wa nusu unaonyesha migongano iliyochelewa, upande wa pili makosa ya CRC. Hapo kadi mbili nzima zinaweza kutupwa bure. Acha pande zote otomatiki, au zipange zote sawasawa. Kwa gigabiti ya waya wa shaba usihangaike: kupatana ni sehemu ya kiwango chenyewe.

Dhana: Gigabiti imeshuka hadi megabiti 100, kadi imechoka.
Gigabiti hutumia jozi zote nne za waya. Megabiti 100 hutosheka na mbili. Moja ya zile jozi mbili nyingine ikikatika, kadi nyingi hushuka kasi zenyewe. Bana kichwa cha kebo upya.

Dhana: Moduli ya faiba (kifaa kinachogeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme) haisomi, basi imeungua.
Mara nyingi ni uchafu kwenye ncha. Safisha, kisha pima mwanga unaopokelewa kwa `ethtool -m`, kama moduli inaruhusu. Ila usirudishe mwanga wa moduli ya kilomita 80 kwenye tundu lake la kupokea bila kipunguza mwanga. Hapo ndipo utaiunguza kweli.

Kadi hufa, sikatai: radi na umeme tuli huziua. Ihamishie kwenye mashine nyingine. Ubovu ukiifuata, ibadilishe. Kumbuka tu kwamba mpya inakuja na anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi), na swichi ya mtandao iliyofungiwa anwani ya zamani itaikataa.