Bluberi haisafishi mishipa ya damu

Kuna hii habari inazunguka miaka mingi sasa, eti vidonge vya bluberi (yale matunda madogo ya bluu iliyokolea) au zabibu nyeusi vinasafisha mishipa ya damu kama unavyozibua bomba la sinki, mafuta yote yanatoka. Jamani hapana, na naeleza taratibu kwa sababu kuna watu wanaacha dawa za presha kisa hiki kitu na inaniuma kweli.

Yale mafuta hayajagandia juujuu kama masizi kwenye sufuria. Yamejijenga ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa, chini ya ule utando laini, yamechanganyika na seli na makovu na kalsiamu, sasa kidonge cha matunda kitayakwangua vipi?

Ukweli upo ila ni mwingine. Ile rangi ya zambarau ya matunda haya inaitwa anthosianini, na inaonekana inausaidia utando wa mshipa kutoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa utanuke damu ipite vizuri. Uingereza walitoa utafiti 2019, watu 115 wenye uzito mkubwa na dalili za hatari ya kisukari na moyo, miezi 6, waliokula unga wa bluberi sawa na gramu 150 za matunda kila siku mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi, wa gramu 75 hamna kitu, na presha haikushuka kwa kundi lolote.

Rangi hiyohiyo imejaa kwenye zambarau zetu na rosela, kwa hiyo msimu ukifika kula kwa raha, na vidonge ulivyoandikiwa na daktari vinabaki palepale.