Mkate wa jibini usio na gluteni huvimba bila hamira
Wako wanaoamini kwamba mkate usio na gluteni, yaani protini ya ngano na nafaka za jamii yake inayofanya kinyunya kinate, hauwezi kuvimba pasipo hamira. Pão de queijo, vimkate vya jibini vya jimbo la Minas Gerais nchini Brazili, vinakanusha dhana hiyo: wanga wa muhogo humwagiwa maziwa na mafuta yanayochemka hadi unate kama gundi, ukapoa, kisha ukakandwa pamoja na mayai na jibini. Katika oveni yenye moto mkali, maji yaliyomo hugeuka mvuke unaouvimbisha mkate, huku wanga ukikauka na kushikilia umbo. Wanga uliochachushwa na kuanikwa juani huvimba zaidi. Kosa lenye madhara makubwa, kwa maoni yangu, ni kutumia unga wa kawaida wa muhogo, wenye nyuzinyuzi, mahali pa wanga uliochujwa, kwani hutoa vitonge vizito.